Thaddeus Stevens na hesabu ya watano kuwa watatu

Tarehe 4 Desemba 1865, saa sita mchana, Bunge la Wawakilishi la Marekani lilikutana mjini Washington kwa mara ya kwanza tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe. Katibu wa Bunge, Edward McPherson, akaanza kuita majina ya wabunge jimbo kwa jimbo. Alipofika Tennessee akaruka. Horace Maynard, aliyechaguliwa kutoka jimbo hilo, akainuka na hati yake ya uchaguzi mkononi akitaka kusema neno. McPherson akamjibu kwamba majina yakiwa yanaitwa hakatizwi mtu, akaendelea. Maynard hakuwa mwasi, maana vita vizima alisimama upande wa serikali ya Muungano. Hata hivyo jina lake halikuitwa, wala hayakuitwa ya wenzake waliotoka majimbo yaliyoasi.

Ukumbini alikuwemo mzee wa miaka 73, mguu mmoja umepinda tangu kuzaliwa, kichwani kavaa nywele za bandia, uso wake mkavu. Huyo ndiye Thaddeus Stevens, mbunge kutoka Lancaster, Pennsylvania. McPherson alikuwa mtu wake kisiasa, mtoto wa Gettysburg, mji ambao Stevens alianzia kazi ya uwakili. Kuyaruka majina yale hakukuwa kusahau. Wabunge wa chama chao cha Republican walikuwa wameshakubaliana kabla ya kikao, na aliyesuka mpango alikuwa mzee huyo.

Ukiisikia habari hii bila kujua kilichoitangulia, utaiona kama kisasi: washindi wamewafungia mlango walioshindwa. Na kwa miongo mingi Stevens ameandikwa hivyo hivyo, mzee aliyejaa chuki, asiyejua kusamehe. Mimi siafiki. Naamini alikuwa ameona jambo ambalo wengi waliomzunguka hawakutaka kulitazama, nalo lilikuwa jambo la hesabu.

Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 iligawa viti vya Bunge la Wawakilishi kwa kufuata idadi ya watu katika kila jimbo. Majimbo ya Kusini yakataka watumwa wao wahesabiwe, ingawa watumwa hao hawakuwa na kura. Kaskazini wakakataa. Mwisho wakakutana njiani: kila watumwa watano wahesabiwe kuwa watu watatu. Tuseme jimbo lina watu huru laki tano na watumwa laki tano. Kwa mgao wa viti, jimbo hilo lilihesabiwa kuwa na watu laki nane. Laki tatu za nyongeza zilitokana na miili ya watumwa, lakini sauti iliyoongezeka Bungeni ilikuwa ya mabwana zao.

Sasa watumwa wameachwa huru. Marekebisho ya 13 ya Katiba yalikuwa yamepita Bungeni tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, na Desemba hiyo hiyo majimbo yakatimiza idadi iliyotakiwa kuyaidhinisha. Mtu huru huhesabiwa mzima, kwa hiyo zile laki tano haziwi laki tatu tena, zinakuwa laki tano kamili. Lakini serikali mpya za Kusini, zilizoundwa kwa masharti mepesi ya Rais Andrew Johnson, hazikuwapa watu weusi kura. Tazama basi kinachotokea. Kusini iliyoasi na kushindwa ingerudi Bungeni na viti zaidi ya kumi juu ya vile ilivyokuwa navyo kabla ya vita, na vyote vingejazwa na kura za mabwana wale wale. Uhuru wa watu karibu milioni nne ungewaongezea nguvu waliowamiliki. Hiyo ndiyo sababu Stevens hakutaka jina la Maynard liitwe. Mlango ukishafunguliwa na wabunge wa Kusini wakaketi, hesabu hiyo isingeweza kurekebishwa tena.

Kwa nini yeye aliliona hilo mapema kuliko wenzake? Nadhani jibu limo katika kazi yake ya uwakili, hasa katika kesi moja ambayo wanaomsifu hupenda kuipita haraka.

Stevens alizaliwa Danville, Vermont, tarehe 4 Aprili 1792. Baba yake alikuwa fundi viatu, akaitelekeza familia. Mama yake, Sarah, akabaki na watoto wanne wa kiume, wawili kati yao wana ulemavu wa miguu, akafanya kazi hadi huyu wa pili akamaliza chuo cha Dartmouth mwaka 1814. Kijana akaenda York, Pennsylvania, akafundisha shule huku akisoma sheria. Mawakili wa York walikuwa na kanuni ya kumkataa mtu aliyejifunza sheria huku akifanya kazi nyingine, basi akavuka mpaka hadi Maryland, akafanyiwa mtihani huko, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1816. Akarudi Pennsylvania na kufungua ofisi Gettysburg.

Gettysburg uko kilomita chache tu kutoka mpaka wa Maryland, na mpaka huo ulitenganisha sheria mbili. Maryland ilikuwa ardhi ya utumwa. Pennsylvania ilipitisha mwaka 1780 sheria ya kuuondoa utumwa polepole, na ndani yake palikuwa na kipengele hiki: mtumwa aliyeletwa na bwana wake kutoka nje akikaa Pennsylvania miezi sita, anakuwa huru. Mwanamke aitwaye Charity Butler, mtumwa wa Maryland, alikuwa akivushwa mpaka huo mara kwa mara kufuatana na bibi aliyemtumikia, kisha akirudishwa. Ukizijumlisha siku alizokaa Pennsylvania, zilizidi miezi sita. Akadai uhuru wake, na wa watoto wake.

Wakili wa upande wa mwenye mtumwa alikuwa Thaddeus Stevens. Hoja yake ilikuwa kwamba miezi sita ni miezi sita mfululizo, si siku za kuokoteza huku na huku. Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ikamkubalia. Charity Butler na wanawe wakabaki watumwa.

Hakuna njia ya kulipamba jambo hili. Alikuwa na miaka 29, alilipwa kwa kazi, akashinda. Kila ninapoisoma kesi hiyo namfikiria yule mama akikokotoa siku zake, wiki hii na ile, safari hii na ile, halafu anaambiwa amehesabu vibaya. Miaka miwili baadaye, katika sherehe za Julai 4, Stevens huyo huyo alisimama na glasi mkononi akaomba rais ajaye awe mtu ambaye hajawahi kumtia mwanadamu mwenzake pingu za utumwa. Tangu hapo aliwatetea watu waliodai uhuru, na hakugeuka tena. Nionavyo mimi, kesi ya Butler ilimfundisha jambo ambalo hotuba nzuri haziwezi kumfundisha mtu: uhuru unaoning'inia kwenye kipengele kimoja cha sheria unaweza kukatwa na wakili mmoja hodari. Yeye ndiye aliyekuwa wakili huyo.

Siasa alianzia kwenye baraza la kutunga sheria la Pennsylvania mwaka 1833, kwa chama kidogo kilichopinga chama cha siri cha Freemason. Vyama alivibadilisha kadhaa maishani na sitavifuata vyote. Jambo aliloona fahari nalo kubwa ni la shule. Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya elimu ya bure kwa watoto wote. Walipakodi wakachachamaa, na mwaka uliofuata Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta na kurudi kwenye utaratibu wa kulipiwa ada mtoto wa maskini peke yake, jina lake likiandikwa kwenye orodha ya mafukara. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama na kusema muswada huo ungefaa kuitwa sheria ya kuwapiga maskini chapa, ili wajulikane tofauti na matajiri na wenye kiburi. Alikuwa anajisemea mwenyewe, mwana wa mama aliyeachwa. Wajumbe waliokuja kufuta wakageuka, na sheria ya shule ikasalimika.

Mwaka 1838 katiba mpya ya Pennsylvania ilipokamilika, ilikuwa na neno moja la ziada: mpiga kura lazima awe mweupe. Watu weusi huru waliokuwa wakiweza kupiga kura wakapokonywa kwa neno hilo. Stevens, mjumbe wa mkutano ulioiandika, alikataa kutia sahihi.

Upande wa biashara alikuwa na viwanda vya kuyeyusha chuma milimani, kimojawapo akakiita Caledonia kwa jina la wilaya aliyozaliwa. Vilimtia madeni makubwa kuliko faida, na mwaka 1842 akahamia Lancaster kutafuta kesi zenye malipo mazuri. Hapo ndipo Lydia Hamilton Smith, mwanamke mwenye damu ya Kiafrika na ya Kizungu, alipokuja kuisimamia nyumba yake, akakaa naye miaka ipatayo ishirini, hadi kifo. Wapinzani wake walimsema kwamba ni mkewe wa siri. Stevens hakuoa maisha yake yote. Barua na kumbukumbu zinamwonyesha akitaka wageni na jamaa wamwite Bibi Smith, kwa heshima ileile waliyompa mwanamke yeyote mweupe, na katika wasia wake alimwachia fungu ambalo lilimwezesha kuinunua ile nyumba.

Aliingia Bunge la Marekani mwaka 1849, na mwaka uliofuata akapigana na Sheria ya Watumwa Watoro, iliyomlazimisha raia yeyote kusaidia kumkamata mtoro akitakiwa kufanya hivyo. Alishindwa. Lakini Septemba 1851 sheria hiyo ilimfuata nyumbani. Edward Gorsuch, mwenye shamba kutoka Maryland, alifika Christiana, wilaya ya Lancaster, na hati ya kuwakamata watumwa wake waliotoroka. Walikuwa katika nyumba ya mtu mweusi aliyeitwa William Parker. Watu weusi wa jirani wakakusanyika na mapanga ya kukatia mahindi, marungu na bunduki chache. Gorsuch akauawa. Serikali ya shirikisho haikuridhika na kosa la mauaji. Iliwashtaki watu 38 kwa uhaini, yaani kupigana vita dhidi ya Marekani.

Wa kwanza kusimamishwa kizimbani alikuwa Castner Hanway, mweupe mwenye kinu cha kusaga nafaka, aliyekuja pale juu ya farasi na kukataa kuwasaidia wakamataji. Stevens alikuwa katika jopo la utetezi. Mwenzake mmoja akawauliza wazee wa baraza kama kweli Marekani ilipigwa vita na mwenye kinu aliyevaa kofia ya manyoya yaliyoshindiliwa, bila koti, bila silaha, kapanda farasi wake mwekundu. Kesi ilisikilizwa Philadelphia, katika jengo lile lile lililotangaziwa uhuru wa nchi mwaka 1776. Wazee walihitaji kama robo saa tu kumwachia huru.

Vita vilipoanza mwaka 1861 Stevens ndiye aliyeongoza kamati ya Bunge ya mapato. Kodi ya kwanza ya mapato nchini humo na noti za karatasi zilizolipia jeshi zilipitia mikononi mwake. (Vita hivyo vilifika hadi pwani yetu kwa njia ya nguo. Pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini ndiyo iliyofumwa Massachusetts ikaja Unguja kwa jina la merikani. Pamba ilipokosekana huko, merikani ikaadimika huku.) Juni 1863, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, jeshi la Kusini likakipitia kiwanda chake cha Caledonia na kukichoma moto kwa makusudi kwa sababu ni chake.

Rais Abraham Lincoln alipouawa Aprili 1865 na makamu wake, Johnson, kushika nafasi yake, Bunge lilikuwa likizo hadi Desemba. Kwa miezi hiyo yote Johnson alitawala mambo ya Kusini peke yake. Alitoa msamaha kwa waasi na kuwarudishia mali zao, isipokuwa watumwa. Familia za watu weusi zilizokuwa zimekatiwa ekari 40 pwani ya Carolina Kusini na Georgia, kwa amri ya Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini, zikaondolewa ili mabwana warudi. Novemba, Mississippi ikapitisha sheria zilizoruhusu mtu mweusi asiye na mkataba wa kazi kukamatwa kama mzururaji, atozwe faini, na akishindwa kulipa akodishwe kwa mtu wa kumlipia.

Stevens hakushangaa. Kwake uhuru wa mtu ulikuwa kama chungu, hakikai jikoni bila mafiga matatu: mwili usiomilikiwa, kura, na ardhi. Septemba 1865, akihutubia watu wake wa Lancaster, aliliweka la ardhi hadharani kwa tarakimu. Matajiri wa uasi wapatao 70,000 walikuwa na ekari milioni 394. Zichukuliwe. Kila mwanamume mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40, na kwa watu milioni moja hizo ni ekari milioni 40 tu. Zinazobaki, milioni 354, ziuzwe kulipa deni la vita na pensheni za askari. Karibu kila mtu akaogopa, hata ndani ya chama chake. Wafanyabiashara wa Kaskazini walijiuliza, wakianza kunyang'anywa mashamba ya Kusini, kesho itakuwa zamu ya nani? Alilirudisha wazo hilo kwa muswada mwaka 1867, ukafia hapo hapo.

Ikabaki kura, na hapo ndipo ile hesabu inaporudi. Baada ya majina kurukwa, iliundwa kamati ya wajumbe 15 kutoka mabaraza yote mawili, Stevens akiongoza upande wa Bunge la Wawakilishi. Pendekezo lake la kwanza la kurekebisha mgao wa viti lilipita Bungeni Januari 1866, likauawa Seneti, na waliosaidia kuliua ni pamoja na rafiki wa watu weusi, Seneta Charles Sumner, aliyeona linakubali kimyakimya mtu kunyimwa kura. Stevens alikasirika sana. Sumner alitaka haki kamili, lakini kura za kuipata hazikuwepo.

Kilichopatikana mwishowe ni Marekebisho ya 14. Kifungu cha kwanza, ambacho maneno yake mengi ni ya wakili mwingine, John Bingham wa Ohio, kinasema aliyezaliwa Marekani ni raia, na hakuna jimbo linaloweza kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Kifungu cha pili ni cha hesabu: watu wote wanahesabiwa wazima, lakini jimbo likiwanyima kura wanaume wa miaka 21 na zaidi, viti vyake vinapunguzwa kwa kiwango hicho hicho. Yaani chagua, wape kura au poteza viti. Kifungu cha nne kinakataza kulipa fidia kwa aliyepoteza watumwa. Stevens alitaka zaidi. Alitaka waliounga mkono uasi kwa hiari wasipige kura za shirikisho hadi Julai 1870, lakini Seneti ililitoa hilo na kuweka jepesi zaidi.

Tarehe 13 Juni 1866, muda mfupi kabla ya kura ya mwisho, alisimama kuwaeleza wenzake. Alisema tangu ujana hadi uzee aliota siku ambayo nchi itajengwa upya bila daraja kati ya mtu na mtu, na ndoto hiyo imetoweka. Kilichobaki ni kuziba viraka kwenye jengo la kale. Kisha akauliza kwa niaba yao kwa nini basi anaukubali mswada wenye upungufu kiasi hicho, akajibu: kwa sababu naishi miongoni mwa wanadamu, si malaika. Ukapita kwa 120 dhidi ya 32.

Ni mtu huyo huyo ambaye Januari 1865, alipobanwa Bungeni aseme kama anaamini mweusi na mweupe ni sawa, alijibu kwamba anaamini usawa mbele ya sheria, basi. Alijua jibu refu zaidi lingepoteza kura za Marekebisho ya 13. Wanaomwita mkaidi asiyejua kupinda wanasahau siku kama hizo.

Majimbo ya Kusini, isipokuwa Tennessee, yaliyakataa Marekebisho ya 14, na Johnson akayaunga mkono katika kukataa. Machi 1867 Bunge likaigawa Kusini katika kanda tano za kijeshi, likaamuru wanaume weusi wapige kura kuchagua watakaoandika katiba mpya za majimbo kumi. Vita kati ya Bunge na Rais ikafika mwisho wake mwaka uliofuata, Johnson alipomfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton, kinyume na sheria iliyomtaka apate kwanza ridhaa ya Seneti. Tarehe 24 Februari 1868 Bunge likamshtaki, rais wa kwanza kushtakiwa. Bunge hushtaki, Seneti huhukumu, na kumwondoa huhitaji theluthi mbili. Stevens, mgonjwa kiasi cha kubebwa juu ya kiti na vijana wawili kuingia ukumbini, alikuwa mmoja wa waendesha mashtaka. Maseneta walikuwa 54, zilihitajika kura 36. Tarehe 16 Mei zilipatikana 35.

Marekebisho ya 14 yalikamilika Julai 1868. Stevens akafa Washington tarehe 11 Agosti. Mwili wake uliwekwa katika kuba la Bunge, heshima ambayo kabla yake walikuwa wamepewa Seneta Henry Clay na Lincoln tu, na askari weusi wakaulinda. Alizikwa Lancaster katika makaburi madogo ya Shreiner. Makaburi mengine ya mji yalikuwa na kanuni za rangi, na alikwisha kuagiza jiwe lake liseme kwamba hakuchagua mahali pale kwa kupenda upweke, bali ili kifo chake kionyeshe alichokitetea maisha yake: usawa wa binadamu mbele ya Muumba wao.

Wanajeshi wa shirikisho walipoacha kuzilinda serikali za Kusini mwaka 1877, kura ya mtu mweusi ikaanza kuminywa, kwanza kwa vitisho na bunduki, kisha kwa sheria. Mississippi iliandika katiba mpya mwaka 1890 yenye kodi ya kupigia kura na mtihani wa kusoma, na majimbo mengine yakaiga. Watu weusi wakaendelea kuhesabiwa wazima katika mgao wa viti, na viti hivyo vikakaliwa na waliowanyima kura, hadi sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965. Ndiyo hesabu ile ile ya Desemba 1865, safari hii bila hata punguzo la watano kuwa watatu. Kifungu cha pili cha Marekebisho ya 14 kilikuwepo wakati wote huo, na kipo hadi leo. Hakijatumika hata mara moja kulipunguzia jimbo lolote kiti.